"Nitakurudisha Kwenu": Nani Mwenye Uwezo Huo?

Kuna maneno mawili ambayo yamewanyamazisha ndugu zetu wengi walioolewa au kuoa ng'ambo kuliko kofi lolote. Maneno hayo ni "nitakurudisha kwenu". Husemwa jikoni, husemwa chumbani, na wakati mwingine husemwa mbele ya watoto. Anayeambiwa huinamisha kichwa, kwa sababu anaamini kwamba mwenzake kweli anao uwezo huo. Si ndiye aliyemwandikia barua ya mwaliko? Si ndiye aliyelipa nauli na kutia saini karatasi zote? Basi huonekana kama haki kwamba aliyemleta ndiye wa kumrudisha, mithili ya mtu arudishavyo dukani redio iliyogoma kulia.

Nimepata barua ya msikilizaji mmoja wa Mbagala ambaye mdogo wake ameolewa Uingereza, na sasa yapata mwaka na nusu tangu aondoke. Sitataja jina lake wala mji anaokaa. Dada huyo anasema mdogo wake siku hizi akipiga simu huongea kwa kunong'ona, na ameacha hata kuuliza habari za nyumbani. Pasi yake ya kusafiria anayo mumewe. Anachotaka kujua dada ni kitu kimoja: je, yule bwana akikasirika anaweza kumpandisha ndege mkewe? Nimeona nijibu hapa hewani, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Jibu fupi ni hapana. Hakuna mume wala mke, awe Mwingereza, Mjerumani au Mmarekani, mwenye mamlaka ya kumfukuza mtu nchini. Mamlaka hayo ni ya serikali, na serikali nayo ina taratibu zake za barua, tarehe na rufaa. Alichonacho mwenzako ni kitu kingine: anaweza kuwaarifu watu wa uhamiaji kwamba ndoa imevunjika, na anaweza kukataa kutia saini maombi yajayo. Hapo ndipo hofu ilipoota mizizi, na si hofu ya bure. Kwa hiyo jibu refu linahitajika.

Viza ya mume au mke, katika nchi nyingi, ni kama chumba ulichopewa ndani ya nyumba iliyopangwa kwa jina la mtu mwingine. Unalala humo kihalali, unapika, unafua, lakini kwa miaka ya mwanzo mkataba si wako. Uingereza, anayeomba viza hiyo akiwa huku nyumbani hupewa kwanza miezi 33. Kabla haijaisha huomba tena na kupewa miezi 30. Akitimiza miaka mitano ndipo anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu, ambao hauegemei tena ndoa. Katika miaka hiyo yote anaruhusiwa kufanya kazi, jambo ambalo wengine hufichwa na wenzao ili washinde ndani. Asichoruhusiwa ni kupokea misaada ya serikali ya fedha na nyumba. Ndoa ikivunjika katikati, idara husika inaweza kuifupisha viza, na kwa kawaida mhusika huachiwa siku 60 za kutafuta njia nyingine ya kisheria au kufungasha.

Kuipata viza yenyewe si mchezo. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, aliyeko Uingereza kwa kawaida anatakiwa athibitishe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, kiwango kilikuwa pauni 18,600. Mshahara wa yule aliyeko Dar es Salaam hauhesabiwi, hata awe meneja wa benki. Juu yake kuna ada ya maombi, kuna ada ya matibabu ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa mtu mzima, kuna mtihani wa Kiingereza, na kuna cheti cha kupimwa kifua kikuu. Nayataja haya makusudi. Mtu aliyekopa huku na huko kulipia yote hayo, halafu akakaa miezi akisubiri majibu, asipokuwa mwangalifu huanza kujiona amenunua. Na yule aliyelipiwa hujiona anadaiwa. Nadhani nusu ya nguvu ya yale maneno mawili inatoka katika deni hilo ambalo hakuna aliyeliandika popote.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ningependa yule dada wa Mbagala aisome mara mbili.

Sheria za Uingereza zimeweka mlango kwa mwenye viza ya ndoa ambaye ndoa yake imevunjika kwa sababu ya kuteswa. Mtu huyo anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu papo hapo. Hangojei miaka mitano, wala hahitaji saini ya mume. Kama hana pa kukaa wala fedha, anaweza kwanza kuomba ruhusa ya miezi mitatu ambayo inamwezesha kupata msaada wa serikali na makazi wakati anaandaa maombi yenyewe. Na kuteswa si ngumi peke yake. Sheria ya mwaka 2021 inayohusu manyanyaso ya majumbani katika Uingereza na Wales imetaja pia vitisho, kumtawala mtu kila nyendo, na kumnyima fedha. Mtu aliyefungiwa ndani, asiyepewa hata nauli ya basi, ambaye simu yake hukaguliwa kila jioni, naye yumo.

Kinachohitajika ni ushahidi. Barua ya daktari uliyemwendea ukiwa na jeraha, taarifa ya polisi, barua kutoka nyumba ya hifadhi, ujumbe wa simu wenye matusi. Vyote hivyo vinafaa. Wengi wetu tumelelewa kuficha mambo ya ndani, na tunamwambia daktari kwamba tumejikwaa kwenye ngazi. Daktari huandika "amejikwaa kwenye ngazi", na mwaka mmoja baadaye karatasi hiyo ndiyo inayosomwa. Simu ya bure ya msaada kwa kina mama huko, saa 24, ni 0808 2000 247. Hatari ikiwa mlangoni, polisi ni 999.

Kuna hila moja ambayo imekuwa maarufu kiasi kwamba imetungiwa kanuni yake. Mume anamwambia mke, "twende nyumbani likizo tukawaone wazee." Wanafika, ndugu wanachinja mbuzi, watu wanapiga picha. Baada ya majuma mawili bwana anaondoka alfajiri na pasi ya mkewe, na hapokei tena simu. Mke amebaki kijijini na sanduku la nguo za baridi. Kwa muda mrefu mtu wa namna hiyo alikuwa amekwisha, kwa sababu mlango ule wa ukaazi ulikuwa wa waliomo ndani ya Uingereza tu. Tangu Januari 2024, aliyetelekezwa namna hii nje ya nchi anaweza kuomba kurudi akiwa huko huko alikoachwa. Ni njia yenye masharti na inahitaji mwanasheria, lakini ipo.

Na hilo la pasi nalo tuliweke sawa. Pasi ya Tanzania ni mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano, nayo hupewa mwenye jina lililomo ndani yake. Mume si mtunzaji wake. Ikipotea au ikifichwa, ubalozi unaweza kusaidia, na kazi inakuwa rahisi zaidi kama nakala yake imeachwa nyumbani kwa mama pamoja na nakala ya cheti cha ndoa na barua ya viza. Siku hizi Uingereza imehamisha hadhi za wageni kutoka kwenye vitambulisho na kuziweka katika mtandao, kwa hiyo kuna jambo jipya la kuangalia: akaunti hiyo imefunguliwa kwa anwani ya nani na namba ya simu ya nani? Kama ni ya mume, basi ufunguo bado anao yeye.

Ujerumani utaratibu ni tofauti kidogo, na kwa maoni yangu una faida moja. Tangu mwaka 2007, anayekwenda kumfuata mume au mke Mjerumani kwa kawaida lazima awe amejifunza Kijerumani cha ngazi ya kwanza kabla hajaondoka. Ndiyo maana madarasa ya Goethe-Institut, Dar es Salaam na Nairobi, hayakosi wachumba na wanandoa wanaohangaika na vitenzi. Wanalalamika, na nawaelewa, maana ni vigumu kuelezwa kwamba mapenzi yako yatapimwa kwa sarufi. Hata hivyo mtu anayefika akiwa na maneno mia chache ya lugha ya nchi anaweza kumwambia jirani neno moja tu, "msaada", na akaeleweka. Aliyefika bila lugha humtegemea mumewe hata kwa kusoma bahasha.

Huko miaka inayohesabiwa ni mitatu. Ndoa ikidumu miaka mitatu mkiishi pamoja ndani ya Ujerumani, mgeni hupata haki ya kibali chake mwenyewe hata mkiachana. Hadi mwaka 2011 ilikuwa miwili. Kabla ya miaka hiyo kutimia kuna nafuu kwa mwenye kuteswa, kwamba muda huo hauhesabiwi iwapo kumlazimisha aendelee na ndoa ni kumwumiza. Mwenza akifariki, pia hausubiriwi muda huo. Simu ya msaada kwa wanawake ni 116 016, na polisi ni 110.

Kuhusu Marekani, masharti ya kuingia yamekuwa yakibadilika sana miaka hii ya karibuni, hasa kwa nchi za Afrika, hivyo sitayagusa leo. Nazungumza na aliyekwisha fika. Kama ndoa ilikuwa haijatimiza miaka miwili siku ya kupata ukaazi, kadi anayopewa ni ya miaka miwili yenye masharti, na kabla haijaisha mume na mke hutakiwa kuwasilisha maombi ya pamoja ya kuondoa masharti hayo. Hapa ndipo penye msemo wa "sitatia saini". Sheria imeruhusu mtu kuomba peke yake, bila saini ya mwenzake, kama ameteswa, au kama ndoa iliyofungwa kwa nia njema imeishia katika talaka. Na sheria ya mwaka 1994 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili ilifungua njia ya aliyeteswa na mwenza wake raia au mkaazi wa kudumu kujiombea mwenyewe ukaazi, pasipo mwenza kujua. Jina lake linataja wanawake, lakini wanaume nao wanaitumia. Simu ya msaada ni 1-800-799-7233.

Nimegusa wanaume, na ni vyema niseme neno. Vijana wetu waliooa huko, hasa waliokutana na wenzao Zanzibar na Arusha katika shughuli za utalii, wanaambiwa maneno yale yale mawili. Tofauti ni kwamba wao hawaandiki barua redioni. Kijana aliyekuwa anaendesha mashua yake anajikuta katika mji wenye theluji, hana kazi, mke ndiye mwenye gari, nyumba na marafiki. Akirudi nyumbani ataulizwa ameleta nini. Basi hukaa kimya. Milango niliyoitaja iko wazi kwake vile vile, isipokuwa zile simu za Uingereza na Ujerumani ambazo ni za wanawake.

Wako pia wanaokosea mwanzoni kabisa, kwenye cheti. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke zaidi ya mmoja. Uingereza haitoi viza ya ndoa kwa mke wa pili wakati yupo mwingine aliyepewa. Binti anayeambiwa "yule wa huko tumeachana, karatasi tu zimebaki" aombe azione hizo karatasi. Na kwa ndugu zetu wa Visiwani na Pwani wenye wachumba Oman, ni vizuri kujua kwamba hadi mwaka 2023 Mwomani alihitaji kibali cha serikali kabla ya kuoa au kuolewa na mgeni, na ndoa zilizofungwa huku bila kibali ziliwaletea kina mama matatizo makubwa ya kuandikishwa. Amri ya Sultani ya mwaka huo iliondoa sharti hilo kwa wananchi wengi. Kwa hiyo anayesema leo kwamba ndoa iwe ya siri kwa sababu "serikali yetu hairuhusi" aulizwe vizuri yeye ana wadhifa gani.

Kuna swali ambalo yule dada wa Mbagala hakuliuliza, nami nalijibu kwa sababu linaumiza kuliko yote. Ni la watoto. Mama akishachoka husema, "nitamchukua mwanangu nirudi kwetu." Moyo unamwelewa. Lakini kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1984, kumtoa mtoto nje ya nchi bila idhini ya baba mwenye haki ya malezi, au bila amri ya mahakama, ni kosa la jinai. Haijalishi kwamba wewe ndiye uliyemzaa na kumnyonyesha. Ujerumani na Marekani nazo zina sheria kali juu ya jambo hilo. Mama aliyeteswa, mwenye haki zote upande wake, anaweza kwa safari moja ya usiku kujigeuza kuwa mshitakiwa. Njia ni kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuondoka na mtoto, na mahakama huangalia maslahi ya mtoto kwanza. Ni njia ndefu. Wapo walioshinda na wapo walioshindwa.

Tukiacha ugomvi, kuna kifo, maana waume nao hufa. Uingereza, mjane aliyekuwa katika viza ya ndoa anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu mara moja. Ndugu wa marehemu wanaokuja na maneno ya "sasa utarudi kwenu" hawana sauti katika hilo.

Baada ya miaka hiyo yote, mtu hufika mahali pa kuulizwa kama anataka uraia wa nchi ya mwenzake. Ujerumani, tangu tarehe 27 Juni 2024, haimlazimishi tena mgeni kuacha uraia wake wa zamani. Watanzania wengi walishangilia habari hiyo, wakasahau kwamba kizuizi kiko upande wetu. Kwa sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa kuomba mwenyewe anaupoteza wa Tanzania. Na akishaupoteza, kile kiwanja cha Kigamboni alichokinunua kwa fedha za kusafisha ofisi usiku kinaingia katika utata, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwaka 2024 serikali ilipeleka Bungeni muswada wa kuwapa hadhi maalumu wageni wenye asili ya Tanzania, pamoja na nafuu katika ardhi. Hadhi hiyo si uraia wala haimpi mtu kura. Wakenya walilimaliza jambo hili katika katiba yao ya mwaka 2010 iliporuhusu uraia wa nchi mbili, na majirani wanapotutania kwa hilo huwa sina la kuwajibu. Ukaazi wa kudumu unatosha kabisa kumwondolea mtu hofu ya mwenzake; asione haya kubaki nao huku akiwa ameshika pasi yake ya Tanzania.

Naam, na huku kwetu je? Maana wapo wanawake wa Kijerumani, wa Kifini na wa Kirusi walioolewa Moshi na Mwanza ambao nao huambiwa maneno yale yale, kwa Kiswahili. Mke wa kigeni hapa huanza na hati ya mtegemezi, ambayo haimruhusu kuajiriwa mpaka apate kibali cha kazi. Akitaka uraia, sheria ya 1995 inampa nafasi ya kuomba kwa sababu ya ndoa yake. Lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti wa Kitanzania hana nafasi hiyo. Yeye huomba kama mgeni mwingine yeyote: awe amekaa nchini mwaka mzima mfululizo, na kabla ya hapo jumla ya miaka saba ndani ya kumi. Nchini Kenya, katiba ile ya 2010 imesema ni miaka saba ya ndoa, kwa mume na kwa mke sawasawa. Huku kwetu, binti anayeleta mume kutoka nje bado anaulizwa maswali ambayo kaka yake aliyeleta mke hakuulizwa.